Upande wa Pili wa Dirisha la Posho

Mashine ile ya kusaga posho haipo tena. Mto Sosiani bado unapita pale pale, na mfereji uliokuwa ukipeleka maji kwenye gurudumu bado utauona ukiyasogeza majani kwa mguu. Lakini kibanda cha mabati kiling'olewa zamani, na unga uliokuwa umeganda ukutani kama chokaa umelambwa na mvua. Siku hizi watu wanasaga kwa mashine za mafuta. Wanamwaga mahindi, wanakinga unga, wanakwenda. Hakuna anayekaa. Kavetsa akipita njia ile na kikapu chake husimama kidogo, na akiulizwa anatazama nini, husema anapumzisha mguu.

Mguu wake ni mzima. Anakumbuka tu.

Wakati huo Eldoret haikuwa na lami. Ilikuwa barabara moja ndefu ya maduka ya Wahindi, na masika yakiingia, magari ya Makaburu ya kukokotwa na maksai yalizama katika tope mpaka dereva akashuka na kutukana kwa lugha yake. Watu wa rika la Kavetsa waliuita mji huo Sisibo. Asubuhi baridi ilikuwa ya kuuma masikio, na ukungu ulilala mtoni hata jua lilipokuwa limekwisha kupanda juu ya miti. Katika ukungu huo wanawake walitokea mmoja mmoja, mizigo ya mahindi mgongoni, kutoka kambi za vibarua za upande wa Kapseret na za barabara ya Turbo. Walitua mizigo yao kando ya ukuta, kila mmoja nyuma ya mwenzake, wakakalia magunia yao wakingoja.

Kungoja ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Mashine ilizungushwa na maji, na maji ya bwawa dogo lililochimbwa juu ya kibanda hayakutosha kusaga siku nzima. Kimeli, kijana wa Kinandi aliyeajiriwa na Mhindi mwenye mashine, alisaga mpaka bwawa likashuka. Kisha alifunga lango la mbao, mkanda ukapunguza mwendo, jiwe likalala, na watu wote wakakaa kimya kusikiliza maji yakijaa upya. Halafu mazungumzo yakaanza.

Hapo Kavetsa alijifunza mambo ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kusimama ubaoni kuyafundisha. Jelagat, mama wa Kinandi mwenye meno yaliyoachana na mdomo usiokuwa na breki, alimwonyesha jinsi ya kusugua kibuyu cha maziwa kwa kijiti kilichounguzwa mpaka kikawa na harufu nzuri. Yeye alimfundisha Jelagat kupika mboga chungu kwa maziwa ili uchungu ukimbie. Walijifunza lugha ya mwenzao kwa kuanzia matusi, kisha salamu, kisha majina ya magonjwa ya watoto. Mwanamke akitoka pale jioni, nywele nyeupe kwa unga kama bibi kizee, alikuwa amebeba zaidi ya mzigo wake.

Lakini wakati huo Kavetsa hakwenda pale kwa ajili ya mazungumzo. Alikwenda kwa sababu mumewe alikuwa amemwacha.

Murunga alikuwa karani wa bohari la stesheni, mtu wa soksi ndefu na kalamu sikioni. Hakuzaliwa na kalamu hiyo. Walipotoka Maragoli alikuwa kibarua wa kung'oa visiki kwa Kaburu mmoja, na alipotaka kusoma katika shule ya misheni, ni Kavetsa aliyelima sehemu yake na ya mumewe, ili msimamizi asimkate posho. Alilima akiwa na mimba. Alilima akiwa na mtoto mgongoni. Mchana alimpelekea viazi vya kuchemsha mlangoni pa shule, akasimama nje na kusikia watu wazima wakiimba herufi pamoja kama wanaokokota gogo. Siku moja aliuliza kama naye anaweza kuingia. Murunga akacheka, akasema, "Tukiingia wote, nani atalima?"

Basi alilima. Mume akasoma, akabatizwa, akapata kazi stesheni. Kisha akaona haya. Alioa binti mmoja msomi aliyevaa viatu siku za kazi, na alipoambiwa kanisani kwamba Mkristo hukaa na mke mmoja, alitii upesi kuliko alivyowahi kutii jambo lolote. Alimwacha yule wa zamani. Wazee wa kanisa waliliita jambo hilo kutengeneza nyumba. Kavetsa hakujua la kuliita. Alirudi kambini upande wa Kapseret, katika kibanda cha nyasi alichokisiriba mwenyewe, na akawa anapeleka mahindi ya watu mashineni, akipewa unga kidogo kwa shida yake.

Alibaki na kitu kimoja, binti yake Kageha, aliyekuwa ameanza kung'oa meno ya utoto. Naye Murunga alimtaka. Alikwenda mbele ya wazee akasema kwamba mtoto wa Mkristo hawezi kulelewa na mtu wa nje, mwanamke asiyejua hata jina lake likiandikwa. Kavetsa aliitwa kusikia. Alisimama nyuma karibu na mlango, akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Na nikisoma? Nikibatizwa?"

Watu waligeuka. Murunga aliweka mkono kiunoni, akatabasamu kwa ajili ya wote.

"Akisoma kitabu cha mafundisho mbele yenu, wazee, mimi mwenyewe nitamwachia mtoto. Nimesema."

"Umesema," akasema Mzee Paul Wasike, mzee wa kanisa aliyekuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache. Wakapanga kwamba jambo hilo litazamwe baada ya mavuno, siku ya kuwapima watu wa ubatizo.

Kanisani darasa la wasomaji, watu waliojiandaa kubatizwa, lilikuwa alasiri, saa za palizi, na Kaburu hakutoa ruhusa kwa mwanamke wa kambi. Kavetsa hakuwa na kitabu wala mtu wa kumshika mkono. Alichokuwa nacho ni mashine, na mashine ilikuwa na Kimeli, naye Kimeli alikuwa msomaji pia.

Kibanda kilikuwa na dirisha lisilo na kioo, lenye ubao mpana chini yake, na hapo ndipo unga ulipopokelewa. Bwawa likipungua, Kimeli alijipangusa mikono, akatoa kile kitabu cha mafundisho chenye jalada jeusi, sala mwanzoni na usafi wa nyumbani mwishoni, akakifungua juu ya ubao na kusoma kwa sauti, maana watu wa siku hizo hawakujua kwamba inawezekana kusoma kimya. Kidole chake kilitembea chini ya maneno. Kavetsa aliegemeza viwiko upande wa nje wa ubao, akakifuata kidole hicho kwa macho kama kuku anayefuata mkono wa mtu anayemwaga mtama.

"Mama Kageha, unaziba mwanga," Kimeli alilalamika.

"Soma tu. Mimi natazama."

"Unatazama nini na hujui?"

"Ndiyo sababu natazama."

Jelagat aliangua kicheko kutoka kwenye foleni. "Mwache, Kimeli! Labda anatafuta mume humo ndani. Wa kwanza alipotelea vitabuni."

Kavetsa naye alicheka, ingawa neno lilimchoma. Akaendelea kutazama. Kila neno lilikuwa na sura yake. Hili lilikuwa na tumbo na mkia. Hili lilikuwa na miguu miwili na kofia. Siku moja Kimeli alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena, na Kavetsa akalitaja neno kabla yake.

Kimeli aliinua kichwa. "Umejuaje?"

"Si lile la jana? Lile lenye tumbo, halafu nundu mbili?"

Tangu hapo Kimeli hakulalamika tena kuhusu mwanga. Wakawa wanasoma pamoja, yeye ndani na Kavetsa nje, ubao katikati. Akikwama huyu, yule alisukuma. Kavetsa alichora herufi kwa kidole katika vumbi la unga lililotanda juu ya ubao, na Kimeli aliitikia kwa kichwa au alifuta kwa kiganja na kusema, "Rudia." Wanawake wengine walisogea wakatazama, wakachoka, wakarudi kwenye magunia. Jelagat alijifunza herufi moja ya jina lake, akaridhika nayo, na akaichora kila mahali, hata juu ya mgongo wa kanga ya Kavetsa. Maji yakijaa, Kimeli alifunga kitabu, akafungua lango, mkanda ukaanza kupiga, na harufu ya unga wa moto ikajaa puani. Kavetsa hakumbuki wakati mwingine wowote katika maisha yake alipotamani maji yachelewe kujaa.

Mavuno yakaja, yakapita. Kufikia hapo alikuwa anaweza kusoma ukurasa kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Siku ya kupimwa ilikuwa Jumamosi mchana. Alifua gauni lake la pekee, akamwogesha Kageha mtoni, wakaenda. Nje ya kanisa, mahali penye kivuli cha mti wa mkalitusi, aliikuta baiskeli ya Murunga imeegemezwa. Murunga alikuwa amefika kambini walipokuwa mtoni, akachukua nguo za mtoto na blanketi lake, na sasa vilikuwa vimefungwa bunda moja nyuma ya kiti kwa kamba ya mkonge.

"Usimame hapa karibu na baiskeli," Murunga alimwambia Kageha. "Hatutakawia."

Mtoto alimtazama mama yake. Kavetsa aliitikia kwa kichwa.

Ndani, wazee walikaa nyuma ya meza ndefu. Watu waliopimwa kabla yake walisoma haraka haraka, macho yao yakiwa juu kwenye dari, na wazee walijua kwa nini. Wengi walikariri kitabu chote kwa kusikia wenzao. Kwa hiyo Mzee Paul alikuwa na desturi ya kufungua ukurasa wowote, katikati ya jambo, ambapo mtu hakuweza kushika mwanzo wa wimbo. Zamu ya Kavetsa ilipofika, alifungua kitabu karibu na mwisho, akakigeuza kama inavyompasa mtu mwenye adabu, akamkabidhi mikononi.

"Soma, mama. Polepole."

Kavetsa alitazama. Hakukuwa na neno hata moja alilolijua. Yalifanana na maneno, kama watu wa ukoo mwingine wanavyofanana na watu wa kwako, lakini hakuna aliyemsalimu. Matumbo yalikuwa upande mbaya. Miguu ilikuwa hewani. Alidhani wamempa kitabu cha Kizungu. Akatafuta pale kidole kilipozoea kuanzia, akaona hakuna kitu, mstari unaishia hapo badala ya kuanza.

"Mama?" akasema Mzee Paul.

"Hiki..." Kavetsa aligusa jalada. "Hiki si kile kitabu."

Kicheko kilipita katika mabenchi. Murunga hakucheka. Alifanya jambo baya zaidi, alihuzunika kwa sauti. "Wazee, tusimwaibishe zaidi. Niliwaambia mapema. Sioni furaha katika jambo hili."

Kavetsa hakusikia mengine aliyosema. Aliona mlango, akaona kipande cha gurudumu la baiskeli nje, na vidole vya mguu wa mtoto kando yake. Alirudisha kitabu mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ambayo haikutiwa chakula.

Mzee Paul alikipokea, akakigeuza upande wake. Alikilaza mezani, akavaa miwani, akainama kutazama kama kweli alikuwa amekosea kitabu.

Na hapo maneno yakasimama.

Yalisimama yote mara moja, kila moja mahali pake, mbele ya macho ya Kavetsa aliyekuwa upande wa pili wa meza. Lile lenye nundu mbili. Lile la kofia. Alisogea, akaegemeza viwiko juu ya meza ya wazee bila kuomba ruhusa, akanyoosha kidole.

"Ma... maji... ya... ku-nywa," akasema. "Maji ya kunywa... ya... yafu..." Alikwama. Hakuna aliyemsukuma. "Yafu-ni-kwe. Yafunikwe. Na... chombo... cha-ke..."

Mzee Paul alibaki ameinama. Kidole cha mwanamke kilikuwa kinatembea kutoka kulia kwake kwenda kushoto, na kwa mzee kilitembea sawasawa.

"Endelea," akanong'ona.

"...chombo chake kio... kioshwe... kila..."

"Amekariri!" Murunga alisimama. "Wazee, amefundishwa. Amesikia watu wakiimba."

Mzee Paul aligeuza kurasa kadhaa, akaweka kidole mahali pengine, kitabu kikiwa kimeelekea yeye mwenyewe. "Hapa."

Kavetsa alisoma hapo pia, vibaya zaidi. Neno moja aliliruka, lingine alilitaja kombo, akalirudia, akalipata. Watu wa mabenchi ya nyuma walisimama wamwone akihangaika.

"Murunga," akasema Mzee Paul, "waliokariri umewasikia leo. Kuna hata mmoja aliyekwama namna hii?"

"Lakini anasoma kichwa chini miguu juu! Mpe kitabu ashike kama watu!"

Akapewa, akashika, akatikisa kichwa. Hakuweza. Mzee mmoja mwingine akasema hilo ni jambo la ajabu, labda hata si jambo jema. Kavetsa akaulizwa alifundishwa wapi, na alipojibu kwamba ni mashineni, dirishani kwa Kimeli, yule mzee akauliza kama siku hizi mashine ya posho inasaga na wanafunzi, na kanisa likacheka tena. Safari hii Kavetsa hakujua wanacheka naye au wanamcheka. Alishika ukingo wa meza.

"Kimeli alikaa ndani," akaeleza. "Mimi nilikuwa nje. Hakuna mtu aliyenikaribisha ndani. Nimesoma nikiwa upande niliowekwa."

Mzee Paul alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti, muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Murunga. Ulisema nini mbele yetu kabla ya mavuno?"

"Nilisema akisoma."

"Amesoma?"

Murunga alitazama mlango.

"Nimekuuliza mbele ya watu. Amesoma au hajasoma?"

"Sikusema asome kichwa chini."

"Wala hukusema upande," akajibu Mzee Paul. "Ulisema asome, na sisi tulikusikia. Huyu mama atabatizwa pamoja na wengine. Mtoto atabaki naye. Aitwe anayefuata."

Hivyo tu. Hakuna aliyempa mkono. Hakuna mzee aliyesema kwamba alikosewa, wala kwamba kuna mtu alilima ili mwingine asome, wala kwamba nyumba iliyotengenezwa ilitengenezwa kwa kumtupa mtu nje. Kavetsa aliyangoja maneno hayo kwa pumzi moja ndefu. Aliyangoja miaka mingine mingi baadaye, kila alipokaa katika benchi la kanisa hilo na kumwona Murunga mbele, kola yake ikiwa imepigwa pasi. Hayakuja. Siku hiyo alitoka nje.

Kageha alikuwa amesimama pale pale alipoambiwa, mkono mmoja juu ya kiti cha baiskeli. Kavetsa hakumweleza kitu. Alipiga magoti nyuma ya gurudumu akaanza kufungua kamba. Murunga alikuwa ameikaza kama anayefunga mzigo wa kupanda treni mpaka Mombasa. Fundo la kwanza lilimvunja ukucha. La pili alilifungua kwa meno.

Murunga alikuja akasimama kando yake.

"Utaharibu kamba yangu," akasema.

"Kamba yako utaipata."

Alipomaliza aliikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti cha baiskeli. Alitwika blanketi kichwani, mtoto akachukua nguo zake. Wakashika njia ya Kapseret, kupitia mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamelala huku na huku. Walikuwa wamekwenda mbali kidogo Kageha alipouliza.

"Mama, ulisoma nini?"

"Kwamba maji ya kunywa yafunikwe."

"Hayo tu?"

"Na chombo kioshwe."

Mtoto alifikiri. "Lakini hayo ulikuwa unayajua."

"Nilikuwa nayajua," akasema Kavetsa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka, mpaka ikabidi atue blanketi chini katikati ya njia na kushika mbavu, naye Kageha akacheka kwa sababu mama alicheka. Kisha wakatwika mizigo yao, wakaendelea.